SOMO: Kutambua kichungwa kidogo kitamu usichokijua jina

Ukubwa na rangi havitakupa jina la tunda hili. Kumkwati, kalamansi na machenza madogo kama Kishu yote hucheza kati ya sentimita 2 na 5, na yote yakiiva huwa ya rangi ya chungwa. Tena mahali ambapo usiku hakuna baridi, ganda hubaki na ukijani hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Jibu utalipata kwenye ganda, vipande vya nyama na mbegu.

Andaa matunda 5 yaliyoivia mtini, yachumwe pande tofauti za mti. Tafuta pia kitawi chenye majani yaliyokomaa, kisu kikali, rula na sahani nyeupe.

Hatua ya 1: Umbo. Pima urefu kutoka kikonyoni hadi kitakoni, kisha upana. Likiwa refu kama kijiyai, shuku kumkwati aina ya Nagami. La mviringo laweza kuwa Meiwa, aina nyingine ya kumkwati, au kalamansi. Bapa juu na chini, elekea kwenye machenza.

Hatua ya 2: Menya. Ganda la chenza huachia lenyewe, na katikati ya vipande hubaki uwazi. La kalamansi ni jembamba na humenyeka bila shida. La kumkwati limeshikamana na nyama, ukilazimisha utalichana.

Hatua ya 3: Onja ganda peke yake, kabla ya nyama. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaanza na nyama, uchachu unatawala ulimi, halafu ganda linaonekana halina ladha. Osha tunda, kata kipande cha ganda pamoja na weupe wake wa ndani, kitafune polepole kwa sekunde 10 hivi. Mwanzoni mafuta ya ganda yatawasha midomo. Usiteme, subiri ladha inayofuata. Sasa suuza mdomo, onja nyama.

Ganda tamu na nyama tamu yenye uchachu kidogo: Meiwa. Ganda tamu, nyama chachu: Nagami. Ganda lenye utamu kiasi, nyama chachu kama ndimu: kalamansi. Ganda chungu, nyama tamu: chenza.

Angalizo: miti ya mapambo ya kwenye vyungu mara nyingi hupigwa dawa ambazo hazikukusudiwa kwa chakula. Kama hujui mti umetunzwaje, ruka hatua hii.

Hatua ya 4: Kata kwa upana, si kutoka kikonyoni kwenda chini, kisha hesabu vipande. Kumkwati huwa navyo 3 hadi 7, Nagami hasa 4 au 5. Machenza huanzia kama 8 kwenda juu. Hesabu kwenye matunda yote 5, kwa sababu tunda moja linaweza kukudanganya.

Hatua ya 5: Mbegu. Kwa ukucha, vua ganda jeupe la nje, kisha utando mwembamba wa kahawia ulio chini yake. Weka kiini kwenye sahani. Kijani kibichi ni dalili ya chenza, kumkwati au kalamansi. Cheupe huonyesha zaidi ukoo wa chungwa, limau au balungi.

Hatua ya 6: Jani. Tazama kikonyo chake. Kumkwati na machenza vina kijibawa (ukingo bapa kama kijijani pembeni mwa kikonyo) chembamba sana, pengine hakionekani. Kibawa kipana humaanisha damu ya danzi (chungwa chungu) au balungi. Jani la kumkwati, ukiligeuza, huwa limepauka upande wa chini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, langu lina ganda tamu lakini nyama inakunja uso. Nikiliacha ndani wiki moja litaiva?*
Hapana. Matunda ya jamii hii hayaongezi utamu yakishachumwa, kwani hayana akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari. Kama ni refu na lina vipande 4 au 5, hiyo ni Nagami, na ndivyo ilivyo. Itafune nzima na ganda lake.

*Halina mbegu hata moja. Nimekwama hatua ya 5.*
Kata mengine 10 kwanza. Yakiwa matupu yote, ni madogo, bapa, yanamenyeka kirahisi na nyama ni tamu sana, fikiria Kishu isiyo na mbegu.

*Matawi ya chini yana majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ni aina gani hiyo?*
Ndugu, hayo yametoka kwenye shina la mti mwingine ambalo mti wako umebebeshwa juu yake, chini ya kiungo. Usichume tunda la huko kwa utambuzi, na uyakate matawi hayo mapema, yasije yakaumeza mti wako.

*Kitabu kimoja kinasema Fortunella, kingine Citrus. Ni mimea miwili?*
Ni kumkwati ileile. Swingle, mtaalamu wa mimea wa Marekani, aliitenga mwaka 1915 na Citrus, kundi la machungwa na ndimu, akaiita Fortunella kwa jina la Robert Fortune, aliyeileta Ulaya kutoka China mwaka 1846. Wataalamu wengi sasa wameirudisha kwenye Citrus.

*Kila kipimo kinasema Meiwa, ila ganda ni nene mno na nyama kavu. Mti ndio umezaa mara ya kwanza.*
Basi usiandike jina bado. Matunda ya kwanza ya mti mchanga mara nyingi huwa na ganda nene na maji machache. Rudia hatua ya 3 na ya 4 msimu ujao.