Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kualika Vikao vya Majadiliano na Mabango

Kabla ya kamati inayoandaa mkutano wa wasanidi wa hifadhidata huria mjini Kisumu kutoa mwaliko wa mapendekezo, ni sharti ikubaliane kuhusu tofauti kati ya mhadhara na kikao cha majadiliano, kwa sababu mwaliko usiotaja tofauti hiyo huletewa mihadhara mifupi iliyobandikwa jina la mjadala. Kikao cha majadiliano huwa na swali ambalo hata aliyelileta hana jibu lake, na huwa na watu ambao wasipokuwepo hakuna haja ya kuketi.

Kwa hiyo fomu imtake mwombaji aandike swali lenyewe kwa sentensi moja, hoja zinazokinzana, na aina ya watu anaowahitaji chumbani. Pendekezo lisemalo "Kuboresha PostgreSQL", yaani hifadhidata huria inayojadiliwa hapa, halimwelezi mtu kitu. Lakini mtu akiuliza kama sacco yenye seva moja, isiyoweza kusimamisha huduma usiku kucha, ihamie toleo jipya kwa pg_upgrade (zana ya kupandisha hifadhidata nzima kwa mkupuo) au kwa urudufishaji wa kimantiki (kunakili mabadiliko ya data hadi hifadhidata mpya kadiri yanavyotokea) ulioingizwa katika toleo la 10 mwaka 2017, hapo pana la kubishania. Njia ya kwanza ni nyepesi, ila hulazimu seva ya zamani izimwe. Ya pili hufupisha muda wa kusimamisha huduma, ila huhitaji nafasi ya hifadhidata mbili kwa wakati mmoja, na mabadiliko ya muundo wa majedwali hayahami yenyewe. Wala swali hilo halikwepeki, maana kila toleo kuu hupata marekebisho kwa miaka 5 tu, na la 14 linafikia kikomo chake Novemba 2026.

Kalenda ya mradi wa PostgreSQL nayo izingatiwe. Toleo kuu jipya hutoka kila mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, na miezi kadhaa kabla ya hapo mlango wa vipengele vipya huwa umefungwa. Anayetaka kujadili kipengele ambacho hakijaandikwa anazungumzia toleo la baadaye, na ni vyema mwaliko umwambie hivyo mapema.

Kila kikao kipewe mwongozaji na mwandishi wa kumbukumbu, wawe watu wawili tofauti.

Mabango, yaani karatasi kubwa za kuonyesha kazi ya mtu zinazotundikwa ubaoni, yanadai uangalifu wa namna nyingine, na hapa ndipo waandalizi wengi huandika vipimo bila kuugusa ubao. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189. Ya A1 ni nusu yake. Kamati ipime mbao zitakazotundikiwa, iulize maduka ya uchapishaji mjini kama mashine zao zinafikia upana huo, kisha ndipo itangaze kipimo, ikieleza pia kama bango ni la wima au la kulala. Kwa maoni yangu A1 inatosha, hasa kwa mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro anayejilipia, ambaye atalibeba bango lake kwa bodaboda na huenda akanyeshewa njiani. Mwaliko umkumbushe kulitia ndani ya bomba la plastiki.

Mwaliko uonyeshe pia kinachofaa kuwekwa ndani. Mpango wa hoja (query plan, yaani orodha ya hatua ambazo hifadhidata hufuata kujibu ombi) ulionakiliwa kutoka kwenye skrini nyeusi, wenye mistari sitini ya herufi ndogo, humaliza wino wa mchapishaji na hausomeki hata ukisimama hatua mbili kutoka ubaoni. Afadhali mchoro mmoja unaoonyesha ni hatua ipi iliyokula muda, kabla na baada ya kuongeza faharasa (index) ya kuharakisha utafutaji. Takwimu za wagonjwa au namba za simu za wateja zisionekane kamwe, hata kama mfano: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haisamehe bango, na majina ya kubuni hutimiza kazi ileile.

Mwisho ni tarehe. Kikomo cha kupokea mapendekezo kiandikwe pamoja na siku, saa na neno "Afrika Mashariki", kwani "saa sita usiku tarehe 10" huwagawa watu makundi mawili: wanaoisoma kuwa mwanzo wa siku hiyo na wanaoisoma kuwa mwisho wake. Majibu yatoke mapema kiasi cha kumwezesha anayetoka nje ya nchi kuomba barua ya mwaliko na ruhusa ya kuingia, na anayetoka Nakuru au Kakamega kuomba likizo kazini.