Bendi ya gothiki imevunjika? Legeza nyuzi

Mwimbaji wetu alipoolewa akahamia Mwanza, na mpiga kinanda akaona kwaya ina posho kuliko sisi, nilibaki na gitaa, laptop na chumba kimoja Tabata. Kuhama bendi Dar si jambo geni. Marijani Rajab alitoka Safari Trippers akaunda Dar International. Ila mimi sikuwa na wa kuunda naye. Nikaiacha gothiki, metali ya huzuni yenye vinanda, nikahamia doom, metali nzito ya mwendo wa kuburuza. Nikafuata nyayo za Johan Ericson, mpiga gitaa wa bendi ya Draconian ya Sweden: albamu ya kwanza ya Doom:VS, mradi wake wa pembeni, ilitoka 2006 na vyombo vyote kapiga mwenyewe.

Anza na nyuzi. Shusha zote toni mbili, ule uzi mnene wa E usomeke C. Nyuzi nyembamba zitaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo tafuta seti nene. Yangu ina unene wa 12 hadi 60, kwa elfu za inchi. Ukimaliza kupiga, futa kwa kitambaa kikavu. Kwa joto na jasho la Februari, mimi zilishika kutu ndani ya wiki mbili.

Shughuli ipo kwenye kasi. Weka metronomu mapigo 60 kwa dakika, piga kodi moja (chord, noti kadhaa kwa pamoja), iache ife yenyewe kwa mapigo manane. Usijaze. Sisi wa gothiki tumezoea kinanda kizibe mapengo na sauti ya kike iijibu ya kiume. Kwenye doom pengo ndilo utamu. Mkono wangu ulikuwa unakimbilia kodi inayofuata kwenye pigo la tano, mpaka nikaanza kuhesabu kwa sauti ya kuburuza: moooja, mbiiili. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dakika 9. Umeme ulikatika dakika ya 7, sikuwa nimehifadhi.

Dramu za programu zinatosha, ila sogeza snea, ile ngoma ya mlio mkali, nyuma kidogo ya pigo, la sivyo utasikia saa ya ukutani.

Ukipata mwenzako mmoja, heri. October Tide, bendi nyingine ya doom ya Sweden, ilianza na wawili wa bendi ya Katatonia, Renkse na Norrman. Norrman alipoondoka Katatonia 2009, akaifufua October Tide.

Mashairi? Achana na makasri na theluji. Mimi niliandika kuhusu kivuko cha Kigamboni usiku.

Na majirani uwaarifu mapema. Mama mwenye nyumba alinigongea saa nne usiku, sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, umefiwa?"

"Shikamoo mama. Hapana, ni mazoezi."

"Marahaba. Basi hayo mazoezi ya msiba uyafanye mchana."