Fundi cherehani, ikokotoe tarehe kabla ya kuitaja

Sifa mbaya kuliko zote za fundi cherehani ni "njoo kesho". Mshono mbovu una dawa: mteja atairudisha nguo, utafumua, utashona upya, yataisha. Lakini mtu aliyekwenda kwenye harusi ya mdogo wake na gauni la mwaka juzi, kwa kuwa lile jipya lilikuwa bado halijatiwa zipu, hasahau, na mtaa mzima utajua. Mimi nashona Ngamiani, hapa Tanga, barazani, na kinachoniletea wateja ni kwamba siku niliyoitaja ndiyo siku nguo inayotoka. Nafundisha mabinti kazi hii. Kabla binti hajagusa kitambaa cha mtu kwa mkasi, nataka kwanza ajue kutaja siku, na haya ndiyo ninayomwambia.

Mteja akiuliza "lini?", mkono uende kwenye daftari kabla ulimi haujasema. Mafundi wengi hutaja siku kwa kumtazama mtu usoni. Kaja mama mtu mzima, kapigwa na jua njiani, umemwamkia shikamoo, kakuitikia kwa furaha, sasa unaona haya kumwambia wiki mbili. Unasema Ijumaa. Hiyo Ijumaa umeitoa kwenye haya zako, kwenye kazi haimo. Yeye kaipokea kama neno la mtu mzima mwenzake, kamwambia mumewe, kapanga na safari yake. Mwambie tu: "Mama, nipe dakika mbili nitazame kazi zangu." Sijamwona mtu akikasirika kwa dakika mbili.

Daftari nalotumia ni kaunta buku la kwaya mbili. Mbele kila mteja ana ukurasa wake: jina, simu, vipimo vyote (mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo), mchoro wa mshono hata kama mchoro wenyewe haupendezi, kianzio alichotoa na salio. Pembeni nabana kwa pini kipande kidogo cha kitambaa chake. Usikidharau kipande hiki. Siku ya Kariakoo kushusha kitenge kipya, wanawake watano watakuletea rangi ileile ndani ya wiki moja, na bila kipande na jina utamkatia Mama Fulani kitambaa cha jirani yake.

Nyuma ya daftari, kila siku ya kazi ina ukurasa wake, nimeugawa asubuhi, mchana na jioni. Ukurasa wa mteja unakueleza unashona nini. Ukurasa wa siku unakueleza kama nafasi ipo. Fundi mwenye kurasa za wateja peke yake hajui kama amejaa, ataendelea kupokea mpaka vitambaa vimfunike.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa ndipo nawaomba wanafunzi wangu wawe wakali na nafsi zao. Chukua gauni la kitenge la kawaida, lenye mikono, zipu ya mgongoni, bila bitana. Ukiliangalia unaona kazi ya kushona tu. Ligawe: kukata, kuunga mabega na mbavu, kutia mikono, kutia zipu, ovaloki (kufunga kingo za kitambaa zisifumuke), pindo, pasi. Weka saa mbele yako, andika kila hatua imechukua muda gani, fanya hivyo kwa nguo kadhaa mpaka uone wastani wako wewe, usichukue wangu. Utakuta kuunga, ambako ndiko watu huita kushona, ni sehemu ndogo ya siku. Muda unaliwa na zipu, pindo la mkono, matundu ya vifungo na pasi ya kila mshono. Kwa hiyo fundi anayesema "limebaki kumalizia tu" mara nyingi amebakiwa na nusu ya kazi.

Dera ni la haraka, lipangie jioni. Gauni lenye bitana lihesabu kama magauni mawili, kwa kuwa kweli umekata mawili na kuyaunganisha. Sketi ya shule ya marinda inadanganya kuliko zote. Marinda kamili yanakula kitambaa mara tatu ya kiuno: mtoto wa kiuno cha sentimita 60 anataka sentimita 180 za kukunja, na kila rinda linapimwa, linabanwa, linapigwa pasi, ndipo mkanda unakuja. Mama anaona sketi ndogo ya mtoto, wewe uone yale marinda.

Kuna muda ambao hauonekani kabisa kwenye cherehani. Kitambaa kipya cha pamba hurudi kikifuliwa, kwa hiyo kiloweke, kianike, kipige pasi, halafu ndio ukate. Hiyo ni siku kabla ya mkasi, na kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ambapo hapa Tanga hata kitambaa cha jikoni hakikauki, weka siku mbili. Kitambaa cheusi au cha bluu iliyokolea usikishone usiku. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi chini ya taa hauuoni, utafumua kesho asubuhi na macho yanakuuma. Kipangie asubuhi, wakati jua limeingia barazani.

Na umeme. Cherehani ya miguu haina habari na umeme, ila ovaloki na pasi zina habari nao sana. Ukiwepo, piga ovaloki kila kipande kilichokwishakatwa, hata cha nguo ya keshokutwa, isipokuwa mbavu za nguo ambayo bado haijajaribiwa. Pasi ya mkaa ikae karibu, imepanguswa majivu, isije ikachafua kitambaa cheupe cha mtu. Fundi anayesema "umeme ulikatika" siku ya kutoa nguo anasema kweli, lakini mteja naye anaishi mji huuhuu, anajua umeme hukatika, alitarajia wewe umelijua hilo ulipomtajia siku.

Ukishajumlisha yote hayo, ongeza robo. Kazi ya siku nne iandike tano. Robo hiyo ni ya mtoto atakayeamka na homa, sindano itakayovunjika duka limefungwa, msiba wa mtaani ambao lazima uende. Msiba haumo kwenye daftari la mtu yeyote, na sitaki binti ninayemfundisha aache kwenda kuzika kwa sababu ya suti ya mtu. Robo ikibaki, nguo imetoka mapema, na mteja anayeitwa aje kuchukua nguo siku moja kabla atakuletea wateja wengine bila kuombwa.

Mpe mteja tarehe mbili: ya kujaribu na ya kuchukua. Ya kujaribu ni muhimu kwa nguo ya kubana, suti, na nguo yoyote ya bibi harusi. Nguo ifike kwenye majaribio ikiwa imeungwa kwa mishono mirefu, pindo bado, ovaloki ya mbavu bado, na uache sentimita mbili za ziada ubavuni. Kuanzia pale kupunguza ni rahisi na kuachia kunawezekana. Mwambie kwa upole tangu mwanzo kwamba asipokuja siku ya kujaribu, na siku ya kuchukua itasogea. Liseme siku ya kupima, usingoje siku ya lawama.

Misimu ijue kabla haijakufikia. Januari ni sare za shule, na wazazi wengi huja wiki ya mwisho kwa sababu fedha imekuja wiki ya mwisho. Usiwagombeze, ila anza kuwakumbusha Novemba wale unaowafahamu. Desemba ni Krismasi na harusi. Idi inahama: mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idi hutangulia kwa siku kama 11 kwenye kalenda ya ukutani, na Idi kubwa huifuata Idi ndogo baada ya miezi miwili na siku kumi hivi. Fuatisha hesabu hiyo uone: mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema Januari, yaani nguo za Idi na sare za shule zitagongana mlango mmoja. Ninayemfundisha leo atakuwa fundi kamili wakati huo, na nataka awe amejiandaa. Kisha kumbuka mwezi. Idi inaweza kuwa leo au kesho kutegemea kuandama kwake, basi nguo za Idi zote ziandikie siku ya kutoka iwe tarehe 27 ya Ramadhani. Usiku wa kuamkia sikukuu ni wa kupika na kupaka hina, wewe nawe una watoto wa kuwavisha.

Kukataa kazi ni sehemu ya kazi. Ukurasa wa siku ukijaa, umejaa. Sema: "Shoga, wiki hii sina nafasi, naweza kukupa Jumanne ya wiki ijayo. Kama ni lazima Jumamosi, nenda kwa fundi yule wa barabara ya pili, anashona vizuri." Ndiyo, mtaje fundi mwenzako. Na yeye akijaa atamleta mteja wake kwako, na hata asipomleta, yule uliyemkatalia amejua kwamba ukisema siku unamaanisha. Ukipokea nguo ambayo huna nafasi nayo, hujamkosea huyo mmoja tu. Umewakosea wote waliokwishaandikwa kabla yake, ambao hawapo barazani kujitetea.

Ndugu ndio mtihani mkubwa. Wifi anakuja saa kumi jioni na kitenge chini ya kwapa: "Wifi yangu, nishonee cha kesho, wewe si fundi wetu." Kumkatalia wifi kunaweza kuleta maneno ya mwaka mzima, na kumkubalia kunamsogeza mama aliyetoa kianzio wiki iliyopita. Njia ninayoitumia ni kutenga nafasi ya ndugu kabla hawajaja. Jumatano jioni, kila wiki, ni yao, imeandikwa kwenye daftari. Wifi akija namfungulia ukurasa aone mwenyewe: "Jumatano hii ni yako, wifi, hakuna atakayekupokonya." Mtu akiona ametengewa siku anajiona ana heshima, na shangazi atakayekuja baada yake atakuta Jumatano imechukuliwa, atapewa inayofuata, hana wa kumlaumu. Bei ya ndugu ni juu yako. Mimi napunguza ufundi, ila uzi, zipu na bitana analipa. Foleni sipunguzi.

Kianzio pokea siku unayopima, nusu ikiwezekana, na kiandikwe mteja anakitazama. Kianzio hicho ni cha kununulia mahitaji ya nguo yake. Fundi anayelipia bitana ya mteja wa kwanza kwa fedha ya mteja wa tatu atafika mahali hawezi kumalizia nguo ya mtu kwa kukosa zipu, na hapo "njoo kesho" inaanza.

Siku ikikushinda kweli, piga simu kabla. Piga siku mbili kabla ya tarehe, asubuhi, wewe mwenyewe, usimtume mwanafunzi. Taja siku mpya uliyoikokotoa upya kutoka kwenye kurasa. Usimpe "kesho" ya kumtuliza. Mteja akiambiwa mapema anaweza kuazima, kubadili mpango, kuvaa nyingine. Akiambiwa barazani kwako, na watu wamekaa wanatazama, huna ulichomwachia.

Jioni nafunga cherehani adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Nyumbani wanajua hivyo, na chakula cha usiku tunakula pamoja. Kabla ya kufunga nasoma ukurasa wa kesho kwa sauti, mabinti wanasikia, kila mmoja anajua ataanza na nini, na vitambaa vya kesho vinawekwa juu ya meza na uzi wake. Robo saa hiyo inaokoa saa nzima ya asubuhi.

Siku ya kutoa nguo, pasi iwe ya mwisho, siku hiyohiyo. Mvalishe palepale nyuma ya pazia, mwambie akae, anyanyue mikono kama anayeanika nguo, ainame. Kwapa likivuta, liachie sasa hivi, dakika kumi zinatosha. Vipande vilivyobaki mrudishie vyote kwenye mfuko, hata vidogo, ni mali yake na atavitaka siku ya kutia kiraka. Salio likilipwa, piga mstari kwenye ukurasa wake, andika tarehe aliyochukua. Nguo ambazo wenyewe hawajaja zitundike mahali pamoja zikiwa na jina na simu, na kila Jumatatu asubuhi wapigie.