Namna ya Kuichunguza na Kuitunza Picha ya Kale ya Nyumba ya Kazi ya Uingereza

Si ajabu kukuta picha iliyotiwa fremu, imeandikwa kwamba ni ya nyumba ya kazi ya maskini ya enzi ya Malkia Victoria, kumbe ilipigwa baada ya malkia huyo kufariki, Januari 1901, au si picha halisi bali ni ukurasa uliokatwa kitabuni. Nyumba hizo, ambamo maskini walipewa malazi na chakula kwa kufanya kazi, na zilizoenea Uingereza na Wales baada ya Sheria ya Maskini ya 1834, ziliendelea hadi karne ya 20. Bodi za Walezi wa Maskini zilizozisimamia zilivunjwa mwaka 1930, na majengo mengi yakageuzwa hospitali. Basi kabla ya kuitundika picha hiyo, au kuinunua, yafaa kujua ni ya aina gani, ya wakati gani na ya nyumba ipi.

Anzia nyuma. Ilaze fremu kifudifudi juu ya kitambaa laini, upige picha mgongo wake kama ulivyo, kisha usome kila kilichobandikwa hapo: kibandiko cha fundi wa fremu, maandishi ya penseli, hata gazeti lililotumika kuziba upenyo. Tarehe ya gazeti hukuambia kwamba fremu haikufungwa kabla ya siku ile. Kuhusu umri wa picha yenyewe haithibitishi kitu. Ng'oa misumari midogo kwa koleo, polepole, na ukiona picha imeng'ang'ania kioo, acha hapo hapo. Unyevu umeigandisha, na kuibandua ni kazi ya mhifadhi wa picha, si ya kisu cha jikoni.

Ikitoka salama, itazame kwa lenzi ya kukuzia. Vitone vilivyopangika kwa safu ni alama ya chapa ya mashine, ya kitabu au ya gazeti. Picha ya ute wa yai, yaani ya karatasi iliyopakwa ute huo, iliyotawala kuanzia miaka ya 1850 hadi miaka ya 1890, huwa kwenye karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya kadi nene. Rangi yake ni kahawia au inaelekea zambarau, sehemu nyeupe zimeingia umanjano, na nyuzi za karatasi huonekana chini ya lenzi. Picha ya jelatini, yaani ya karatasi iliyopakwa jelatini badala ya ute, iliyoshika nafasi yake, haionyeshi nyuzi hizo, na ukiiinamisha kwenye mwanga mara nyingi utaona mng'aro wa fedha kwenye kingo zilizo nyeusi. Kumbuka tu kwamba bamba la kioo la zamani, lililonasa picha ndani ya kamera, liliweza kutumika kutoa nakala mpya ya karatasi miaka mingi baadaye, hivyo karatasi inaweza kuwa changa kuliko tukio.

Sasa itazame picha yenyewe bila haraka. Chukua mfano wa ukumbi wa chakula: wanawake wamekaa safu kwa safu, wote wameelekea upande mmoja, kofia nyeupe na gauni za aina moja, na nyuso zinaonekana wazi hadi safu ya nyuma. Mabamba yaliyotumika katika miaka ya 1850 na 1860 yalidai lenzi ikae wazi kwa sekunde kadhaa hata nje penye jua; ndani ya ukumbi hafifu ingekuwa zaidi, na atakayegeuza kichwa angebaki kama ukungu. Unga wa magnesi wa kuwasha mwanga wa ghafla ulianza kutumika mwaka 1887. Nyuso kali namna hiyo, ndani ya nyumba, zinaielekeza picha kwenye miaka ya mwisho ya Victoria au baada yake.

Kukosekana kwa wanaume katika ukumbi huo si bahati. Sheria ilitenganisha wanaume, wanawake, wavulana na wasichana, na mume na mke hawakulala pamoja; ruhusa ya kuwaacha pamoja waliovuka miaka 60 ilikuja mwaka 1847. Majengo yaliutumikia utaratibu huo: ramani za msanifu majengo Sampson Kempthorne za mwaka 1835 ziliweka makao ya msimamizi katikati, mabawa yakitoka pande zote na nyua zikiwa baina yake, ili madirisha ya katikati yatazame kila ua. Katika picha za nje tafuta kitovu hicho, na kuta ndefu zinazogawa nyua. Rundo la mawe, au wakazi wanaochambua kamba kuukuu kupata nyuzi za kukalafatia meli, ni kazi ya kawaida ya humo. Aproni zisizo na waa zisikushawishi mno, kwa kuwa haikuwa rahisi kuingiza kamera mle bila idhini ya wasimamizi, nao walijua nini kionekane.

Kuijua nyumba ni ipi, linganisha mabomba ya moshi na hesabu ya madirisha na ramani kubwa za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni. Kwa Ireland uwe mwangalifu zaidi: msanifu George Wilkinson alibuni takriban nyumba 130 kwa mtindo unaofanana, na sura ya mbele pekee haitoshi. Sensa za Uingereza na Wales za 1841 hadi 1901 zina orodha za wakazi, lakini usimpe mtu yeyote pichani jina lililotoka huko.

Unapoirudisha, tumia kadi isiyo na asidi yenye dirisha, ili picha isiguse kioo, na kioo chenyewe kizuie miale ya urujuanimno. Mbao za zamani za mgongo ziondoe, maana asidi yake huacha madoa ya kahawia, ila zihifadhi kando kama zina maandishi. Itundike mbali na dirisha, jiko na bafu. Nyuma ya kadi mpya andika kwa penseli ulichothibitisha peke yake, kwa mfano: “Ukumbi wa chakula wa wanawake, nyumba ya kazi, Uingereza, picha ya jelatini, mwaka na mahali havijathibitishwa.”