Namna ya Kuchochea Ubunifu wa Miguu Bandia kwa Wanajeshi Wastaafu wa Mtwara na Lindi

Anayetaka kuchochea ubunifu wa viungo bandia kwa wanajeshi wastaafu wa mikoa hii asianze na mashine, bali aanze na malalamiko ya wanaovaa miguu bandia. Waite wastaafu, wakiwamo wazee waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 na wale waliokatwa mguu baadaye kwa sababu ya kisukari au ajali, kisha kila mmoja aeleze mguu wake humsumbua wapi, saa ngapi, na akiwa katika kazi gani. Mguu unaoshinda uvunguni mwa kitanda haujamfaa mtu, hata ukiwa umetoka Ulaya.

Kila lalamiko liandikwe kwa namna ambayo fundi anaweza kulifanyia kazi: jasho linachubua kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, ifikapo adhuhuri, gongo linazama kwenye mchanga wa shamba la mikorosho, mtu hawezi kuchuchumaa kuokota korosho wala kukaa mkekani. Mguu wa Jaipur, mguu bandia uliobuniwa India mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma akishirikiana na madaktari, ulitokana na shida za aina hiyohiyo, kwa kuwa watumiaji wake walitembea pekupeku na kuchuchumaa.

Baada ya hapo, gawanya kazi kwa uangalifu. Kikombe kinachobeba kisiki kiachwe kwa mtaalamu wa viungo bandia aliyesomea, kama wale wanaofundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi, kwa sababu kikikosewa husababisha kidonda, na kidonda cha mwenye kisukari kinaweza kumrudisha kwenye kisu cha upasuaji. Walimu na wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA wapewe mambo ambayo kosa lake halimuumizi mtu haraka: vitako vipana vya magongo vilivyokatwa kwenye matairi, mikanda, na vyuma sambamba vya kujifunzia kutembea.

Majaribio yafanyike shambani na barazani, si kwenye sakafu ya karakana peke yake. Mvue mtumiaji mguu baada ya mwendo mfupi na ukague kisiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mkono kutafuta joto na uvimbe. Aliyekatwa juu ya goti alale kifudifudi mara kwa mara na asiweke mto chini ya paja, kwani nyonga ikikakamaa, hata mguu mzuri hautamsimamisha wima.

Kuhusu fedha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Kwa kuwa mkopo hurudishwa, kikundi cha wastaafu hao kiuombe kikishapata kifaa ambacho watu wako tayari kukinunua. Gharama za majaribio zitafutwe kwingine.