Namna ya Kuandika Historia ya Kambi ya Frelimo ya Nachingwea

Anayetaka kuandika historia ya kambi ya Farm 17 huko Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ambayo kuanzia 1965 iliwaandaa wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kabla hawajavuka Mto Ruvuma kwenda kupigana na Wareno, aanze na barabara kabla ya viongozi. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliiongoza kambi hiyo kabla ya kushika jeshi lote la Frelimo kufuatia kifo cha mkuu wake, Filipe Magaia, mnamo Oktoba 1966, lakini jina lake likitangulizwa hufunika kazi yenyewe ya mahali pale, yaani kupokea watu, kuwafunza, kuwalisha na kuwaondoa.

Kwa hiyo, ukishajitambulisha kwa mtendaji wa kijiji na kupata ruhusa, watafute kwanza waliokuwa kando ya safari: madereva, mafundi wa magari, kina mama waliouza vyakula, na wenye mitumbwi wa Newala na Masasi ya zamani. Mzee huamkiwa na kusikilizwa habari zake mwenyewe kwanza. Kinasa sauti hutolewa baada ya yeye kuridhia, si kabla. Badala ya kumuuliza kambi ilikuwaje, swali ambalo huvuta majibu ya hotuba, muulize magari yalipita saa ngapi, yalibeba nini yakienda na nini yakirudi, na majeruhi walipelekwa wapi. Swali hili la mwisho litakufikisha Mtwara mjini, ambako Frelimo ilikuwa na hospitali yake. Waulize pia akina bibi kuhusu wasichana waliovaa sare, kwa kuwa kikosi cha wanawake cha Frelimo kilianzishwa 1967 na mafunzo yake yalifanyika hapo hapo Nachingwea.

Kumbukumbu ya mtu hupimwa, hata kama msimulizi ni mtu wa heshima. Akikuambia wapiganaji waliletwa kwa treni, kumbuka kwamba reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga katika mashamba makubwa ilifungwa 1962, kwa hiyo huenda anachanganya enzi mbili. Akitaja daraja la Ruvuma, basi anazungumzia siku hizi, maana Daraja la Umoja limefunguliwa 2010. Usimbishie mbele ya wajukuu wake. Andika alivyosema, kisha weka pembeni maelezo yako na tarehe. Wapo pia wanaochanganya Nachingwea na Kongwa, kambi ya Dodoma iliyotumiwa na vyama vya ukombozi vya nchi kadhaa. Na kwa kuwa wapiganaji wengi walitumia majina ya vita, usiunganishe majina mawili kuwa mtu mmoja mpaka mashahidi wasiojuana wakubaliane.

Katika Nyaraka za Taifa, usitafute faili za miaka ya 1960 chini ya Mkoa wa Lindi, kwani hadi 1971 Nachingwea ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara. Kosa hili dogo huwarudisha watu mikono mitupu. Ramani za mpango wa karanga, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, zitakufaa kuliko picha nyingi, kwa sababu kambi ilikaa juu ya shamba lililokwisha pimwa na kuchongewa barabara. Upande wa Frelimo, karatasi nyingi ni za Kireno, hivyo panga mapema mtu wa kukusomea.

Sura ya 1975 ni ngumu, nami nashauri isiepukwe. Mwezi Mei wa mwaka huo, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, alilazimishwa kusoma maungamo hadharani kambini hapo. Yeye na wenzake kadhaa baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mwezi huo huo Samora aliondoka kusini mwa Tanzania na kuanza safari yake kutoka Ruvuma hadi Maputo. Simulizi za furaha utazipata bila kuuliza. Hizo nyingine zinahitaji faragha, muda, na ahadi ya kutotaja jina la msimulizi ikiwa hataki litajwe.

Rasimu ikikamilika, wasomee waliosimulia sehemu zao na urekebishe wanapokosoa, kisha acha nakala moja katika ofisi ya kijiji na nyingine katika shule ya karibu.