Somo: Hesabu majani ya mahindi, achana na wiki

Kila msimu swali ni lile lile: mbolea ya kukuzia (ile ya nitrojeni, kama urea) niweke wiki ya ngapi? Mahindi hayana kalenda, wakuu. Yanaendeshwa na joto. Likishuka chini ya nyuzi 10 yanasimama, na kadiri linavyopanda kuelekea 30 ndivyo yanavyokimbia.

Piga hesabu mwenyewe. Jumlisha joto la juu la siku na la chini, gawa kwa mbili, toa 10. Siku ya Kilombero yenye nyuzi 30 mchana na 20 usiku inakupa 15. Siku ya Njombe yenye 22 na 12 inakupa 7. Mbegu ni ileile, lakini wa Njombe anahitaji siku mbili kupata ukuaji wa siku moja ya Kilombero. Anayekwambia "wiki ya nne" bila kukuuliza uko wapi anabahatisha.

Hatua ya 1: Jua kuhesabu

Jani huhesabiwa likishatoa shingo, yaani ule mstari uliopauka pale ubapa wa jani unapokutana na sehemu inayokumbatia bua. Majani ambayo bado yamejisokota katikati usiyahesabu. Anza na lile dogo la chini kabisa lenye ncha ya mviringo. Yanayofuata yote yana ncha kali. Na usiishie pembezoni mwa shamba, ingia ndani ukague miche kumi hivi sehemu tofauti.

Baadaye majani ya chini hukauka na kudondoka, hesabu ikapotea. Hapo ng'oa mche mmoja, upasue katikati kwa kisu kuanzia mizizini. Chini utaona vifundo vimebanana. Tafuta pingili ya kwanza iliyorefuka, kama sentimita 1 au 2. Kwa kawaida kifundo kilicho juu yake ndicho cha jani la tano. Endelea kuhesabu kutoka hapo kwenda juu.

Hatua ya 2: Majani 3 hadi 5, palilia

Katika umri huu ncha inayozaa majani bado iko chini ya udongo. Mbuzi akila mahindi ya majani manne, mengi yatachipua tena. Akiyala yakiwa na majani tisa na kuifikia ncha, hesabu hasara.

Magugu ndiyo tatizo kubwa zaidi, na hayasubiri yawe marefu. Majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu wa kawaida na kuakisi mwekundu wa ukingoni mwa rangi za upinde wa mvua, ambao macho yetu hayauoni vizuri. Mahindi yanaupokea, yanatambua kuna jirani, na kuanza kubadili ukuaji wake hata kabla ya kutiwa kivuli. Kwa hiyo palizi ya kwanza isisubiri magugu yaonekane kutoka barabarani.

Hatua ya 3: Jani la 6, weka ya kukuzia

Hapa ndipo ncha inapotoka juu ya udongo. Inaacha kuzaa majani mapya na kuanza kuunda mbelewele, lile ua la juu linalotoa chavua. Majani yote yatakayotokea baadaye yalishaumbwa ndani. Idadi ya mistari ya punje kwenye gunzi nayo huamuliwa kuanzia hapa hadi karibu jani la nane, ingawa aina ya mbegu ina sauti kubwa. Urefu wa mistari hiyo huendelea kuamuliwa hadi karibu na kutoa ndevu. Ukichelewesha nitrojeni mpaka mahindi yakufike kifuani, maamuzi mengi yameshapita.

Weka udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina kama sentimita 10, kisha fukia. Urea iliyoachwa juu ya ardhi, sehemu ya nitrojeni yake hupaa hewani.

Hatua ya 4: Mbelewele na ndevu

Kila unywele mmoja wa ndevu ni wa punje moja. Usipopata chavua, hapo gunzi linabaki tupu. Ukame ukipiga wakati huu, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa, na zikitokeza chavua imekwisha. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, walitumia pengo hilo kuchagua mahindi yanayostahimili ukame. Kama una maji ya kumwagilia mara chache tu, yatunze kwa ajili ya kipindi hiki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nilipiga 2,4-D mahindi yakiwa makubwa, sasa yanakatika kwa upepo. Dawa ni feki?*

Si lazima. 2,4-D ni dawa ya magugu, na ni auksini ya kutengenezwa, yaani inaiga homoni inayoelekeza seli za mmea jinsi ya kukua. Gugu la majani mapana likiipata kwa wingi hukua ovyo, linajipinda na kufa. Mahindi huivunjavunja haraka, lakini yakishapita majani manane bua linaweza kuwa rahisi kuvunjika na mizizi ya juu ikashikana. Piga mapema, ufuate kibandiko. Na kama shambani umechanganya mahindi na maharage, dawa hii usiguse kabisa, utayaua.

*Mimi nafukia mbegu kwa kina tofauti tofauti. Mizizi haitapishana kina?*

Si sana. Chipukizi likikaribia juu na kuhisi mwanga, kishina cha chini huacha kurefuka, na mizizi mikuu hutokea kama sentimita 2 chini ya udongo hata mbegu ikiwa imeenda 5. Tatizo ni anayepanda juujuu mno: mizizi hiyo inakosa pa kushika.

*Shikamoo mwalimu. Naweza kukata majani ya juu nilishe ng'ombe wakati mahindi bado yanakomaa?*

Marahaba. Subiri kidogo. Majani hayo ndiyo yanayojaza punje. Toa punje katikati ya gunzi, kwangua kwenye kitako chake. Ukiona utando mweusi, njia ya chakula imeshafungwa, kata upendavyo. Lakini usipukuchue ukaweka ghalani: wakati huo punje bado zina unyevu wa karibu asilimia 30 au zaidi, na za kuhifadhi zisizidi 13.5.